Waranti Imeisha, Kifaa Kimekufa: Nani Alipie?

Waranti ya friji imeisha Machi. Aprili kompresa inazima, barafu inayeyuka na maziwa yanaharibika. Dukani, kijana wa kaunta anaangalia tarehe kwenye kadi, anairudisha na kusema muda umepita. Wateja wengi huishia hapo: hubeba kadi yao na kwenda kumtafuta fundi wa mtaani. Wengine hugoma kuondoka, wakitaka friji itengenezwe bure kwa hoja moja tu, kwamba waliinunua kwa bei kubwa.

Wote wanapoteza. Wa kwanza anaacha haki ambayo huenda bado anayo. Wa pili anadai kitu ambacho hakuna anayewajibika kumpa, na akishakataliwa anakosa hata kile ambacho angepewa kama angejua cha kuomba.

Jibu fupi ni hili: waranti ikiisha, usitegemee matengenezo ya bure kama jambo la kawaida. Lakini usikubali pia kwamba tarehe ile imefuta kila wajibu wa aliyekuuzia. Zipo hali tano ambazo unaweza kudai matengenezo bila malipo, au angalau yenye malipo kidogo, hata kama kadi imeshapitwa na muda. Kazi yako ni kujua kama uko katika mojawapo, kisha kudai kwa utaratibu.

Tofautisha ahadi ya duka na matakwa ya sheria

Waranti ni ahadi. Mtengenezaji au muuzaji anajiwekea mwenyewe masharti: mwaka mmoja, miaka 2, kioo hakimo, betri imo kwa miezi 6. Kabla ya kutoa ahadi hiyo hukadiria vifaa vingapi vitarudi na vitagharimu kiasi gani, halafu gharama hiyo huingizwa kwenye bei. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza umeshaulipia. Mwaka wa pili hukuulipia, na ndiyo maana duka linalokataa kubadilisha bure betri ya simu ya miaka mitatu halijamdhulumu mtu.

Betri ni mfano mzuri wa kitu kinachochakaa bila kosa la yeyote. Kampuni ya Apple inaeleza kuwa betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku hufika hapo ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi. Huo ni uchakavu wa kawaida, kama ilivyo kwa tairi za gari, mikanda ya mashine ya kufulia na raba za milango ya friji.

Sheria ni jambo jingine. Tanzania na Kenya zote zina sheria za mauzo ya bidhaa zilizotokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Msingi wake haujabadilika sana: mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani anahesabiwa kuwa ameahidi kwamba bidhaa hiyo ina ubora unaofaa kuuzwa, hata kama hakutamka neno. Na ukimweleza unataka kifaa kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake kukuchagulia, kifaa hicho lazima kiifae kazi hiyo.

Angalia kilichomo na kisichomo. Sheria haisemi kifaa kidumu milele. Inasema kiwe kizima na chenye ubora siku kilipouzwa. Kasoro iliyojificha ndani tangu kiwandani inaweza kuchukua miezi 14 kujitokeza, na bado ikawa ilikuwemo siku ya kwanza. Tofauti hiyo, kati ya kilichochakaa na kilichozaliwa kibovu, ndiyo inayoamua madai mengi baada ya waranti kuisha.

KISANDUKU: SHERIA KWA UFUPI

Tanzania. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ya ubora yaliyotajwa juu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 ina sehemu kuhusu masharti yanayohesabiwa kuwemo katika mikataba ya walaji, na nyingine kuhusu wajibu wa wazalishaji. Msimamizi wake ni Tume ya Ushindani (FCC), ambayo hupokea malalamiko ya walaji.

Kenya. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaoridhisha, na fidia ya hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Na. 46 ya 2012 inabatilisha kipengele chochote cha mkataba kinachojaribu kufuta dhamana za ubora zilizowekwa kisheria. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakitakiwa kukamilika ndani ya siku 60.

Uganda. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inagusa bidhaa na kazi ya fundi pia.

Uingereza. Kwa walionunuliwa kifaa na ndugu aliyeko huko: Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inatoa siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro. Katika miezi 6 ya kwanza, muuzaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kuwa kasoro haikuwepo. Baadaye mzigo huo humhamia mnunuzi. Madai yanaweza kufikishwa mahakamani hadi miaka 6, au 5 kwa Scotland. Mdai ni yule aliyenunua, na anayedaiwa ni duka la kule.

Umoja wa Ulaya. Dhamana ya kisheria si chini ya miaka 2 kwa bidhaa mpya.

Kuna jambo la kujifunza kutoka Ulaya. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya matengenezo, ambayo nchi wanachama zilipewa hadi 31 Julai 2026 kuanza kuitumia. Inawalazimisha watengenezaji wa bidhaa kama mashine za kufulia, friji na simu kukubali kuzitengeneza hata baada ya dhamana ya kisheria kuisha. Lakini haikuwalazimisha kutengeneza bure. Inataka bei iwe ya kuridhisha. Hata mahali ambapo mlaji analindwa kuliko sehemu nyingi duniani, kanuni baada ya dhamana ni matengenezo yapatikane kwa bei ya haki. Bure huja kwa sababu maalumu.

Hali tano ambazo bado unaweza kudai

1. Uliripoti tatizo kabla ya tarehe. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo wengi huipoteza kwa kukosa karatasi. Simu ilianza kujizima mwezi wa 10, ukaipeleka, ukaambiwa "iko sawa, nenda nayo." Mwezi wa 13 imekufa kabisa. Tatizo ni lile lile na lilianza ndani ya muda, ila lazima uonyeshe kwamba ulifika. Karatasi ya kupokelea kifaa, ujumbe wa simu, barua pepe, hata picha ya kaunta yenye tarehe, vyote vinasaidia.

2. Kipuri kina waranti yake. Soma kadi yote, hadi maandishi madogo. Friji nyingi zenye kompresa ya inveta huuzwa na waranti mbili: fupi kwa friji nzima, na ndefu, mara nyingi miaka 10, kwa kompresa peke yake. Paneli za sola kwa kawaida huwa na dhamana ya uwezo wa kuzalisha umeme inayofika miaka 25, wakati betri na kidhibiti chaji vina muda mfupi zaidi. Baadhi ya simu zinazouzwa sana Afrika Mashariki hupewa miezi 13, si 12. Mwenye kadi ya namna hii anaweza kufikiri muda umeisha kumbe bado. Ila uliza: je, waranti ya kipuri inajumuisha ufundi, gesi na usafiri? Mara nyingi kompresa ni bure na kazi ya kuifunga unalipa.

3. Ni kasoro ya kiwandani inayojulikana. Kifaa kikiharibika kwa namna ile ile kwa watu wengi, shinikizo huwa kubwa. Julai 2007 Microsoft iliongeza waranti ya mashine yake ya michezo ya video, Xbox 360, hadi miaka 3 kwa tatizo la taa tatu nyekundu, na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa kazi hiyo. Juni 2018 Apple ilianzisha mpango wa kutengeneza bure kibodi za aina fulani za MacBook hadi miaka 4 tangu kompyuta iliponunuliwa, waranti iwepo isiwepo. Mipango hii haitangazwi kwenye kila duka la Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi. Lazima uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa jina kamili la modeli yako.

4. Mtengenezaji ameita bidhaa zirudishwe kwa sababu ya usalama. Hapa waranti haihusiki kabisa. Mwaka 2016 Samsung iliita simu za Galaxy Note 7 zirudishwe kwa sababu betri zake zilikuwa zikishika moto, na Oktoba mwaka huo ikaacha kuzitengeneza.

Kisa kinachogusa barabara zetu zaidi ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofungwa kwenye magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na mengine mengi. Kemikali iliyotumika kuijaza hewa, ammoniamu naitreti, huharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu. Ajali ikitokea, chombo chake hupasuka na kurusha vipande vya chuma kuelekea kwa dereva. Watu wamekufa. Takata iliomba kinga ya kufilisika Juni 2017, lakini watengenezaji wa magari wameendelea kubadilisha mifuko hiyo bure. Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam, Tanga na Mombasa yalitumika Japani kwanza, na sasa yanaishi kwenye joto na unyevu wa pwani. Kama gari lako ni la miaka ya 2000 au mwanzoni mwa miaka ya 2010, peleka namba ya chesisi kwa wakala rasmi au iandike kwenye tovuti ya mtengenezaji, uone kama kazi hiyo ilishafanyika kabla gari halijasafirishwa.

5. Matengenezo yenyewe yana waranti. Ulilipia kioo kipya miezi miwili iliyopita na sasa kinaonyesha mistari. Hapo hudai waranti ya simu. Unadai kazi uliyoilipia. Vituo vingi rasmi hutoa siku kadhaa au miezi kadhaa kwa kipuri walichofunga, na muda huo huandikwa kwenye risiti ya matengenezo.

Nje ya hali hizi, na ya kasoro iliyojificha tangu kiwandani, kuna hisani. Duka au kampuni inaweza kukusaidia kwa kulinda jina lake, hasa kama muda umepita kwa wiki chache tu na wewe ni mteja wa siku nyingi. Hisani huombwa, haidaiwi, na kuichanganya na haki ndiko huharibu mazungumzo mengi.

Pale ambapo usitegemee bure

Kuwa mkweli kwa nafsi yako kabla ya kwenda kaunta. Huna madai ya maana kama:

- kifaa kimeanguka, kimeingia maji, au kimepigwa na umeme uliopanda ghafla;
- kilichoharibika ni kitu cha kuchakaa: betri, raba, mkanda, brashi za mota, waya wa chaja;
- kifaa kimetumika kwa kazi isiyokusudiwa, kwa mfano blenda ya nyumbani kuuzia juisi kutwa nzima;
- kasoro ilikuwa wazi ulipokikagua dukani na ukakubali kukinunua hivyo hivyo;
- ulinunua mkononi kwa mtu binafsi asiyefanya biashara ya bidhaa hizo.

Hatua kwa hatua: namna ya kudai

Hatua ya 1. Acha kukitumia, usikifungue. Kifaa kilichofunguliwa kabla ya kukaguliwa humpa muuzaji sababu ya kusema fundi wako ndiye aliyekiharibu. Piga picha na video ya tatizo, pamoja na kibandiko chenye namba ya utambulisho. Kwa simu, bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI.

Hatua ya 2. Kusanya karatasi. Risiti, kadi ya waranti, boksi, kumbukumbu za malipo kwa simu au benki, na karatasi za kila safari uliyokwenda kwenye kituo cha huduma. Kama risiti imefifia, rudi dukani uombe nakala. Risiti ya mashine ya EFD kwa Tanzania au ya mfumo wa kodi kwa Kenya huacha kumbukumbu kwa muuzaji.

Hatua ya 3. Soma kadi upya. Tafuta mambo manne: muda unaanza lini, kipuri gani kina muda wake, nini kimeondolewa, na waranti inatumika nchi gani. Simu iliyoletwa kutoka Dubai inaweza kuwa halisi kabisa na bado isihudumiwe hapa, kwa sababu waranti za kampuni nyingi hufungwa kwa nchi au ukanda.

Hatua ya 4. Tafuta kama tatizo linajulikana. Andika jina la modeli pamoja na dalili kwenye intaneti. Angalia tovuti ya mtengenezaji kwanza, kwenye kurasa za matangazo ya usalama na mipango ya matengenezo. Ukikuta tangazo, lichapishe au lihifadhi kwenye simu.

Hatua ya 5. Omba ukaguzi wa maandishi. Nenda kituo rasmi na useme kwa utulivu: "Ndugu, naomba fundi wenu aikague, halafu mniandikie chanzo cha tatizo." Uliza ada ya ukaguzi kabla hujakabidhi. Maneno "haifanyi kazi" hayatoshi. Unahitaji kujua kipi kimekufa na kwa nini: je, ni saketi iliyoungua kwa umeme mkubwa, au ni risasi iliyoachia yenyewe? Kama huridhiki, tafuta maoni ya pili kwa fundi mwenye leseni na risiti, kwa maandishi vilevile.

Hatua ya 6. Andika barua fupi kwa aliyekuuzia. Mkataba wako ni na duka; usikubali kurushwa kati ya duka na kampuni kama mpira. Unaweza kuwaandikia wote wawili, lakini duka lijibu.

Hatua ya 7. Ingia na maombi yenye ngazi. Anza na matengenezo ya bure. Wakikataa, omba kipuri bure nawe ulipie ufundi. Wakikataa tena, omba kugawana gharama nusu kwa nusu. Mwisho, omba punguzo kwenye kifaa kingine kwa kukirudisha hiki. Mteja anayetaka yote au hapana humpa meneja njia moja rahisi: hapana.

Hatua ya 8. Panda ngazi. Ukikosa jibu ndani ya muda ulioutaja kwenye barua, peleka malalamiko FCC ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Ushindani ukiwa Kenya, pamoja na nakala za karatasi zako. Kama hoja ni ubora ulio chini ya viwango, mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, nayo yanahusika. Mahakama ndiyo ngazi ya mwisho. Kwa Kenya, Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa ajili ya mashauri ya namna hii na unaweza kujisimamia mwenyewe. Muda wa kufungua shauri la kuvunjwa kwa mkataba ni miaka 6 katika nchi zote mbili, lakini kadiri unavyochelewa ndivyo inavyokuwa vigumu kuonyesha kuwa kasoro ilikuwepo tangu mwanzo. Na ukishakitumia kifaa kwa muda mrefu, kurudishiwa fedha zote huwa vigumu. Dai linalosimama ni gharama ya matengenezo au fidia.

KISANDUKU: MFANO WA BARUA

*Ndugu Meneja,*

*YAH: FRIJI NILIYONUNUA DUKANI KWENU (taja modeli na namba ya utambulisho)*

*Nilinunua friji hii tarehe … kwa shilingi …, risiti namba … Tarehe … iliacha kupoza. Tarehe … kituo cha huduma kiliikagua na kuandika kuwa kompresa imekufa, bila dalili ya umeme mkubwa wala matumizi mabaya. Nakala ya ripoti nimeiambatisha.*

*Najua waranti ya friji nzima iliisha tarehe … Hata hivyo, kadi yenu inaonyesha kompresa ina waranti ya miaka … Pia friji iliyotunzwa vizuri haitarajiwi kufa kompresa ndani ya miezi 14, na jambo hilo linaashiria kasoro iliyokuwepo tangu iliponunuliwa.*

*Naomba kompresa ibadilishwe bila malipo. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14.*

*Wako mwaminifu, …*

Ondoa sentensi zisizokuhusu. Barua ya kweli yenye aya tatu hufanya kazi kuliko kurasa nne za malalamiko.

Makosa yanayowagharimu wateja

*Kusubiri.* Dalili ndogo mwezi wa 11 hupuuzwa, na mwezi wa 13 imekuwa kubwa. Wiki mbili kabla ya waranti kuisha, kagua kifaa kizima: kila tundu, kila kitufe, kamera, spika, milango. Chochote kisicho sawa, kiripoti kwa maandishi.

*Kuamini bango la "bidhaa ikiuzwa hairudishwi."* Bango linaweza kukuzuia kurudisha shati kwa sababu umebadili mawazo kuhusu rangi. Haliwezi, kwa mfano chini ya sheria ya Kenya ya 2012, kufuta dhamana ya ubora kwa bidhaa yenye kasoro.

*Kuogopa lakiri ya waranti iliyobandikwa kwenye kifaa kupita kiasi, au kuidharau kabisa.* Aprili 2018 Tume ya Biashara ya Marekani iliziandikia onyo kampuni sita kwa madai kwamba kumtumia fundi wa nje kunafuta waranti. Sheria ya huko ya mwaka 1975 hairuhusu hilo kwa ujumla. Juni mwaka huo huo mahakama ya Australia iliiamuru Apple ilipe dola za huko milioni 9 baada ya wateja kuambiwa hawana haki ya kusaidiwa kwa kuwa simu zao ziliguswa na mafundi wengine. Hizo ni sheria za huko. Hapa kwetu soma masharti ya kadi yako, na wakati waranti iko hai kimbilia kituo rasmi kwanza.

*Kumfokea kijana wa kaunta.* Hana mamlaka ya kubadili chochote. Muombe kwa heshima akuonyeshe msimamizi, na uandike jina lake na saa mliyoongea.

*Kununua bila kujua kama kifaa ni halisi.* Juni 2016 Tanzania ilizima simu bandia, na maelfu ya watu wakabaki na vifaa visivyo na mtandao wala waranti ya kushika. Kwa Tanzania, tuma namba ya IMEI kwenda 15090 ulinganishe majibu na simu uliyo nayo mkononi, kabla ya kulipa.

ONYO

Betri iliyovimba usiitoboe, usiichaji, wala usiiweke mfukoni. Iweke mbali na jua na uipeleke kwa fundi. Usifungue luninga au maikrowevu mwenyewe hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu baadhi ya vipuri hubaki na umeme wa kuua. Kabla ya kukabidhi simu au kompyuta, hifadhi picha na nyaraka kwingine, toa laini, na utoke kwenye akaunti za benki na pesa za simu. Fundi asipewe namba yako ya siri ya fedha kwa sababu yoyote ile.

Ukibaini ni wewe wa kulipa

Wakati mwingine utapitia hatua zote na kukuta kadi imeisha kweli, kasoro haijulikani, na kilichokufa kimechakaa. Hapo lengo linabadilika: kulipa bei ya haki kwa kazi itakayodumu.

Chukua makadirio mawili ya bei, moja kutoka kituo rasmi na jingine kwa fundi anayeaminika mtaani. Kila moja litenganishe bei ya kipuri na ya ufundi, kwa sababu makadirio ya jumla huficha faida kubwa kwenye kipuri. Uliza kama kipuri ni halisi, cha kampuni nyingine, au kimetolewa kwenye kifaa kibovu. Vyote vinaweza kufaa, ila bei zake hazilingani. Dai urudishiwe kipuri cha zamani. Na kabla fedha haijatoka, muda wa dhamana ya kazi hiyo uandikwe kwenye risiti.

Ni lini usitengeneze? Watu wengi hutumia kipimo cha nusu: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kifaa kipya cha aina hiyo, na kifaa chenyewe kimeshakula zaidi ya nusu ya maisha yake, fedha ni bora ielekezwe kwenye kipya. Friji ya shilingi 900,000 yenye miaka 2 ikihitaji kazi ya 250,000, itengenezwe. Ikiwa na miaka 9 na inataka 500,000, iuze kwa fundi wa vipuri.

ORODHA YA KUKAGUA SIKU YA KUNUNUA

☐ Nimesoma muda wa waranti wa kifaa kizima na wa kila kipuri kikubwa.

☐ Kadi imejazwa tarehe, namba ya utambulisho na muhuri wa duka mbele yangu.

☐ Nimepata risiti halali ya kodi na nimeipiga picha siku hiyo hiyo, maana karatasi hufifia.

☐ Nimeuliza kituo cha huduma kilicho karibu kiko wapi, na nani analipia usafiri wa kifaa kikubwa.

☐ Nimemweleza muuzaji matumizi yangu, na ikiwezekana yameandikwa kwenye risiti.

☐ Kifaa kimewashwa na kujaribiwa dukani.

☐ Kwa friji na luninga, nimenunua na kifaa cha kuzilinda dhidi ya umeme unaopanda na kushuka.

☐ Kwa gari la mtumba, namba ya chesisi imeangaliwa kwenye orodha za magari yaliyoitwa na mtengenezaji.

☐ Nimeweka kikumbusho kwenye simu, wiki mbili kabla ya tarehe ya mwisho ya waranti, cha kukagua kifaa chote na kuripoti kila kasoro kwa maandishi.